Kingi wa Mama Pacha

Mtaa mzima ulijua kwamba katika nyumba ya Mama Pacha hakuna ugomvi. Kuta za pale ni nyembamba, na nyumba nyingine zote zinasikika bila kutega sikio. Kwa msusi wa jirani sahani huruka. Kwa mpangaji wa ghorofani mlango hubamizwa mpaka chokaa inadondoka. Lakini kwa Mama Pacha, mshonaji wa sare za shule, na mumewe, fundi baiskeli, kulikuwa kimya kama maji mtungini, na wazee wa mtaa waliwatolea mfano vijana waliotaka kuoa. Mama Pacha akisikia sifa hizo alikuwa akiinamia cherehani yake na kutabasamu, maana siri ya amani ile aliijua yeye na mumewe peke yao.

Siri yenyewe ilikuwa ubao wa drafti. Walipooana tu walikorofishana juu ya kitanda kikae upande gani wa chumba, na bwana akasema badala ya kununiana bora wacheze, atakayeshinda ndiye mwenye kauli. Akachora miraba kwenye kipande cha ubao, akakusanya vizibo vya soda, akavipaka rangi, vyeupe vyake na vyeusi vya mkewe, kisha akaanza kumfundisha, maana Mama Pacha alikuwa hajawahi kugusa kete maishani mwake. Alifundishwa kwamba kete husogea mshazari na kwenda mbele tu. Alifundishwa kwamba kula ni lazima, ukiona cha kula ule hata kama hutaki. Alifundishwa kwamba kete ikifika mstari wa mwisho wa mwenzako inakuwa kingi. Na alifundishwa kwamba kingi mweupe ana mbio, anakata ubao pembe kwa pembe kwa mkupuo mmoja, ila kingi mweusi ana uzito, anatembea mraba mmoja mmoja, na faida yake ni kwamba anaweza kurudi nyuma. Alipouliza kwa nini, mumewe alijibu kwamba nyeupe ndizo zinazoanza na nyeusi ndizo zinazomalizia, ndivyo mchezo ulivyo. Mama Pacha hakuuliza tena. Katika kazi yake alifundishwa kwamba vifungo vya shati la kiume hukaa kulia na vya blauzi hukaa kushoto, na hakuna mtu aliyewahi kumpa sababu, lakini mashati yanavaliwa.

Tangu hapo kila lililowagawanya liliwekwa kwenye ubao. Yeye nyeusi, mumewe nyeupe, kama vile watu wanavyozoea pande za kitanda bila kukumbuka nani alichagua. Mara moja moja alishinda, akachagua pazia, akachagua rangi ya mlango, na bwana alikubali kwa uungwana kabisa. Mara nyingi alifungwa. Alifungwa pacha wao walipotakiwa kuchaguliwa shule. Alifungwa alipoitwa na mwenye karakana kubwa ya nguo akawe msimamizi wa mafundi, na mumewe alitaka abaki kushonea nyumbani. Hakuona aibu, kwa sababu mumewe hakuwa mchezaji wa hivi hivi. Pale kwenye benchi la gereji, ambako wanaume wa eneo lile walicheza kila siku baada ya kazi, walimwita Komesha, na wageni waliokuja na kiburi waliondoka wakiomba maji ya kunywa. Kufungwa na Komesha ni kama kunyeshewa na mvua, nani atamlaumu mtu aliyelowa?

Alifungwa pia siku ilipokuja habari kwamba baba yake mzazi yu mgonjwa. Yeye alitaka aondoke siku ile ile. Mumewe aliona wasubiri shule zifunguliwe kwanza, maana sare zilikuwa zimejaa nyumba nzima na wazazi walikuwa wanagonga mlango, halafu wangeenda pamoja. Isitoshe mzee yule aliugua kila mwaka na kila mwaka alipona. Walicheza. Mama Pacha alikuwa na kingi wake pembeni, na kete moja nyeupe ilikuwa inakimbilia mstari wa mwisho. Alimtembeza kingi akaizuie, mraba, mraba, mraba, akachelewa kwa hatua moja. Mzee akafariki kabla hata sare hazijaisha kupigwa pasi. Mama Pacha alizika, akarudi, akakaa kwenye cherehani. Hakumnunia mumewe, na hili ndilo watu wangepaswa kulijua kabla ya kuwatolea mfano vijana. Hakumnunia kwa sababu alikuwa amefungwa kihalali.

Sasa lililowagawanya lilikuwa chumba cha nyuma. Pacha walikwisha kuolewa, na chumba chao kilikuwa kimegeuka ghala la Baba Pacha, rimu, matairi, minyororo na viti vya baiskeli ambazo wenyewe walikwisha kuzisahau. Mama mzazi wa Mama Pacha alikuwa akiishi peke yake, macho yameanza kuingia ukungu, na jirani yake alikuwa amepiga simu kusema bibi ameanguka jikoni akalala sakafuni mpaka alipookotwa. Mama Pacha alitaka mama yake aje akae chumba kile. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama mkwe wake, ila alimpenda zaidi akiwa kwake. Alisema bibi hatazoea, atakosa jua, atajikwaa, na vyuma vile vitakwenda wapi? Wote wawili wakatazama kabati ulimokuwa ubao.

Ndipo msusi wa jirani alipoingia na habari kwamba ofisi ya mtaa imetangaza mashindano ya drafti, na mwaka huu wanawake wanaruhusiwa, na yeye kwa kiherehere chake amekwisha kumwandikisha Mama Pacha. Kwa kawaida Mama Pacha angemfukuza na rula. Lakini akafikiri. Ukumbini mumewe angekutana na watu wengine wagumu, angechoka, pengine angetolewa na mtu mwingine mapema. Basi akamwambia mumewe kwamba shauri la chumba lisichezewe nyumbani safari hii. Waende wote mashindanoni, na atakayefika mbali zaidi ndiye aamue.

Komesha alibadilika rangi. Alisema ukumbi ule una joto. Alisema meza zake zinayumba na wanaume wa pale wana midomo michafu. Alisema wacheze hapa hapa nyumbani, hata sasa hivi, hata mara tatu. Mwisho alimwambia kwamba ataaibika mbele za watu, na hapo Mama Pacha akawaka kidogo. Akamuuliza nani hasa anaogopa aibu, yeye au Komesha, ambaye angeonekana na mtaa mzima akisumbuliwa na mkewe. Mumewe akaenda kujiandikisha. Siku yenyewe asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu, aliinua kichwa akasema, "Mama Pacha, kuna kitu," halafu akakohoa, akauliza kama jiko limezimwa. Yeye akadhani ni woga wa mashindano, akamwonea huruma. Huruma! Ukifikiria unaweza kucheka, kama una moyo wa kucheka.

Ukumbi wa mtaa ulikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kulalamika, viti vya plastiki na meza nne zilizoazimwa shuleni. Wachezaji walikuwa wanane, watakaobaki wanne, halafu wawili. Refa alikuwa mzee mmoja mstaafu, zamani karani wa mahakama, mtu wa kukunja uso ambaye hata chafya aliitazama kama kosa. Kabla ya kila mchezo alificha kete mbili katika ngumi zake, nyeupe na nyeusi, na mchezaji alichagua ngumi. Mama Pacha alichagua, akapata nyeusi, akashukuru, kwa sababu ndizo alizozizoea.

Mpinzani wake wa kwanza alikuwa muuza nyama, jitu la kifua kipana lililokaa upande upande kwa sababu kiti hakikumtosha. Alianza kwa kumtania, kwamba mama asijali, atamfunga taratibu. Punde utani ukakauka. Mama Pacha alimlisha kete moja akala mbili, akamlisha tena akala tatu, akaingia kingi. Baada ya hapo alimtoa kingi wake na kuanza kumtembeza, mraba mmoja, mraba mwingine, kwa adabu, huku muuza nyama akikimbiza kete zake zilizosalia huku na huko. Watu wakaanza kusogeza viti. Walidhani ni dharau. Mtu mwenye kingi anayeweza kumfikia mwenzake kwa mruko mmoja, halafu anamkaribia polepole namna ile, hayo hawakuwahi kuyaona hata kwa Komesha mwenyewe. Wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mama, nimalize tu," muuza nyama akamwambia kwa sauti ya chini. "Usinitese mbele za watu."

Mama Pacha hakumwelewa. Aliona tu kwamba mwanaume huyu hajui kufungwa, akamfunga. Kwenye meza ya dirishani Komesha naye alishinda mchezo wake, ingawa aliyekuwa karibu aliona shati limemganda mgongoni.

Mchezo wa pili ulimkutanisha na dereva wa gari la wagonjwa, mtu mkimya, msafi, aliyekaribia kulichukua kombe mwaka uliopita. Mama Pacha akachagua ngumi, na ngumi ikafunguka na kete nyeupe. Hakuwahi kucheza nyeupe maishani mwake. Alizipanga kete zile kwa uangalifu kama mtu aliyeazimwa vyombo vya watu, akajiahidi kwamba akipata kingi leo ataonja na yeye utamu wa kukimbia.

Lakini dereva ndiye aliyeingia kingi kwanza. Mama Pacha hakushtuka. Alipiga hesabu, akaona kingi yule mweusi yuko kule pembeni, anahitaji hatua kadhaa kufika penye kete zake, na yeye atakuwa amekwisha kujipanga. Akasogeza kete yake kwa utulivu. Dereva akanyanyua kingi wake, akamrusha kutoka pembe mpaka katikati ya ubao, akala kete moja, akageuka, akala nyingine, akamweka chini na kukunja mikono.

Mama Pacha akanyoosha mkono kama mwanafunzi darasani.

"Refa, huyu bwana ameiba."

Refa akaja, akatazama ubao, akamtazama dereva, ambaye macho yalikuwa yamemtoka pima, maana katika maisha yake ameitwa mengi lakini si mwizi.

"Ameiba nini, mama?"

"Ameruka ubao mzima na kingi wake."

"Kingi huruka."

"Kingi mweupe huruka," Mama Pacha akasema kwa upole, akidhani mzee amesahau. "Huyu ni mweusi. Mweusi anatembea mmoja mmoja."

Kicheko kilichofuata kiliifunika hata kelele ya feni. Watu walipigana mabega. Refa peke yake hakucheka. Aliinua kiganja mpaka wakatulia, akainama kidogo, akamwambia kwamba kingi ni kingi, mweupe au mweusi ni mamoja, hapa na kokote anakochezwa. Kisha akamuuliza kama anavyoulizwa shahidi.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Mume wangu," Mama Pacha akajibu, tena kwa fahari, kwa sababu jina la mumewe katika ukumbi ule lilikuwa kubwa. Ni baada ya neno kutoka ndipo na yeye alipolisikia.

Vichwa viligeuka vyote kwa pamoja kuelekea meza ya dirishani. Komesha alikuwa ameshika kete hewani na hakuiweka popote. Hakutazama kulia wala kushoto. Muuza nyama, huko nyuma, akasema peke yake kwamba kumbe mama wa watu hakuwa anamtesa.

Je, umewahi kujidunga sindano ya cherehani mpaka ikapita kwenye ukucha? Kuna kitambo kabla ya maumivu, unaitazama sindano imo kidoleni na huamini kwamba kidole ni chako. Mama Pacha alikuwa katika kitambo hicho. Aliwaona watu wanacheka tena, akaona midomo ya refa inasema mchezo uendelee, na masikio yake yalikuwa yameziba. Mkono wake ukaendelea kucheza bila yeye. Na mkono ule, jamani, ulikuwa mkono wa kutisha. Mtu aliyeishi miaka yote na kingi kiwete amejifunza kutomtegemea, anazifanyisha kazi kete za kawaida kila moja kama mfalme. Alimzungushia dereva uzio, akamlisha, akamtoa kingi wake nje kwa nguvu ya ile sheria ya kula ni lazima, akamla. Alipoingia kingi wake mwenyewe mchezo ulikuwa umekwisha. Dereva alisimama, akampa mkono, akamwambia kwamba hajawahi kufungwa namna ile. Mama Pacha alimshukuru bila kujua anamshukuru kwa nini.

Komesha naye alishinda. Fainali ikawa ya mke na mume, na watu walishangilia kwa vile waliona ni kichekesho kizuri kuliko vyote.

Wakati wa mapumziko Mama Pacha alitoka akakaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na bomba. Msusi alimfuata, machozi ya kicheko yanamtiririka. Alisema wanaume hawa wana mambo, wa kwake alimdanganya umri, wa mwenzake amemdanganya kingi, na huyu angalau hajaleta mtoto wa nje. Mama Pacha hakucheka. Msusi alipoona hivyo akamshika bega.

"Shoga, si mchezo tu?"

Angemweleza nini? Hakuna aliyejua kwamba nyumba ile iliendeshwa kwa kete. Akatikisa kichwa, akaomba aachwe peke yake. Na hapo maumivu yakafika. Michezo ilianza kumrudia, mmoja baada ya mwingine, na katika kila mmoja alimwona kingi wake mweusi amesimama na njia iliyo wazi mbele yake, angeweza kuruka na hakuruka. Karakana ile ya nguo, kingi alikuwa katikati kabisa, angekula tatu. Shule ya pacha vile vile. Alikuwa anayakumbuka yote, kwa sababu anayefungwa hukumbuka kuliko anayefunga. Halafu akaufikia mchezo wa baba. Akamwona kingi kule pembeni, na kete nyeupe inakimbia, na mstari ulio wazi baina yao, wazi moja kwa moja, hauna hata kizibo kimoja cha kuzuia. Pigo moja tu. Mama Pacha akainuka haraka, akafungua bomba, akaweka kichwa chini ya maji.

Aliporudi ukumbini na nguo imelowa mabegani, watu walimpisha. Akakaa mbele ya mumewe. Refa akatoa ngumi zake, na kwa bahati ile isiyo na huruma Mama Pacha akapata nyeusi. Komesha alijaribu kumtazama usoni akashindwa. Alianza kucheza ovyo. Akaacha kete wazi, akaacha nyingine, mtu yeyote wa benchini angejua kwamba Komesha hafanyi hivyo hata akiwa na homa.

"Cheza," Mama Pacha akamwambia, sauti ya chini, midomo haikutikisika. "Ukiniachia nainuka, na sitarudi nyumbani kwako."

Basi akacheza. Akacheza kama alivyojua, na alijua. Walizibana kete zao pale katikati, kila mmoja akijua tabia za mwenzake kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Waliokuja kucheka walisahau kucheka. Mara Mama Pacha akapenyeza kete moja pembeni, ikateleza mpaka mstari wa mwisho, na refa akaivisha kete ya pili juu yake kuonyesha kwamba ni kingi. Zamu yake ilipofika aliweka kidole juu ya kingi yule. Kidole kwa mazoea kikamsogeza kuelekea mraba wa karibu, kikasita pale juu bila kumwachia. Halafu akamsukuma, mraba wa pili, wa tatu, wa nne, akavuka ubao wote akala kete mbili za mumewe na kumsimamisha pembe ya pili. Alimwachia na kuutazama mkono wake kama si wake.

Baada ya hapo hakukuwa na mchezo. Komesha alipambana kwa heshima mpaka kete ya mwisho, kisha akainamisha kichwa, na mtaa ukapiga kelele. Muuza nyama alipanda juu ya kiti, na kiti kikavunjika. Mama Pacha alipewa kombe, akalipokea kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, akaondoka kabla ya hotuba.

Mumewe alimfuata nyuma kwa hatua chache njia nzima. Watu waliwapongeza kutoka madirishani na mume ndiye aliyewaitikia. Walipofika, Mama Pacha aliweka kombe chini mlangoni, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akaanza kutoa rimu. Baba Pacha alisimama akimwangalia, kisha akaingia na yeye akashika tairi.

"Umeshinda," akasema. "Mama aje."

"Mama yangu haji kwa sababu nimekufunga. Anakuja kwa sababu ni mama yangu. Kesho namfuata, na wewe utabaki hapa upige deki."

"Sawa."

Wakaendelea kutoa vyuma. Jua lilikuwa linaingia dirishani, na vumbi la miaka lilipanda likawajaa puani. Mama Pacha akasimama na rimu mkononi.

"Ule mchezo wa baba. Ulijua?"

Angeweza kusema amesahau, na mimi niliyeyasikia haya nilitarajia atasema hivyo. Lakini tumpe haki yake, hapo hakudanganya.

"Nilijua."

Akaeleza, kwa maneno yaliyotoka kwa kukwama. Mwanzoni ulikuwa utani wa bwana harusi, alikusudia kumwambia kesho yake. Kesho yake wakacheza tena, akashinda, akaona raha. Baada ya hapo kumwambia kukawa ni kukiri ya jana, halafu ya mwezi, halafu ya miaka, na kila alivyochelewa mlima ulirefuka. Siku ile ya mzee alimwona kingi ana njia. Moyo ulimtaka aseme. Akajiambia mzee atapona kama anavyopona kila mwaka, na kwamba mchezo utakaofuata atamwachia mkewe ashinde. Hakulia wala hakuomba msamaha, labda aliona msamaha wa jambo lile hauombwi kwa kusimama katikati ya matairi.

Mama Pacha alimsikiliza mpaka mwisho. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha mumewe.

"Unajua mimi nimefanya nini miaka yote hii? Nimejilaumu. Kuna kete ya ukingoni niliisogeza kabla ya kumtoa kingi. Kila nikikaa kwenye cherehani nairudisha ile kete mahali pake. Nasema ningemtoa kingi kwanza, ningemkuta baba hai."

Komesha aliduwaa, tairi likamponyoka likabingirika mpaka ukutani. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu, amekula naye, amelala naye, amezeeka naye, akidhani kimya chake pale kwenye cherehani ni uchovu wa macho. Hakuwahi kuwaza kwamba alikuwa anacheza.

"Hata ungemtoa kwanza," akasema, "kwa kumtembeza asingefika. Nilihesabu. Usiku ule ule nilihesabu."

"Sema tena."

"Asingefika. Hukukosea popote."

Mama Pacha alikaa chini juu ya rundo la matairi, rimu bado imo mkononi, akaanza kumlilia baba yake kwa sauti, kama watu wanavyolia habari ya msiba inapoingia mlangoni sasa hivi. Kwa mara ya kwanza majirani walisikia kelele kutoka nyumba ile, na msusi akatoka mbio na mikono yenye mafuta akaja kusimama uani. Baba Pacha alimwona, hakumwambia aondoke, na hakuthubutu kumgusa mkewe.